BARABARA YA MLIMANI NA DENI LA JASHO



Wengi wenu mlioko Kasongo mmeniuliza, na wengine walioko upande wa Kabambare wameniletea vikaratasi kwa mikono ya watu wa baiskeli, swali ambalo ni lile lile: Je, Mkristo anaweza kutoa nguvu zake kufungua barabara ya mlimani, akijua kwamba kwa barabara hiyo mema yatapanda na mabaya pia yatapanda? Na mtu akivunjika katika kazi hiyo, damu yake iko juu ya nani?

Mimi si mtu wa shule kubwa. Nilimaliza sekondari, basi. Lakini swali hili si la mainjinia peke yao. Ni swali la dhamiri, na dhamiri kila mtu amepewa na Mungu. Tena kuna sababu ya pili ya mimi kuandika. Swali hili linanihusu mimi mwenyewe, na ni haki niwaambie kwanza jambo hilo kabla sijawafundisha ninyi lolote.

KARATASI NILIYOISOMA

Miaka michache iliyopita kulikuwa na kazi ya kutengeneza barabara katika milima ya mashariki, upande ule unapotoka Kabambare kuelekea Lulimba na Fizi. Ilikuwa kazi ya mikono: jembe, sururu, panga, karai la kubebea udongo. Mwenye kazi alituma karatasi ya kutafuta vijana. Jumapili, baada ya mahubiri, nilisimama mbele ya ibada nikaisoma. Nilisema vijana wenye nguvu wasikae bure, kwa maana kazi ni moja ya nguzo za Kanisa letu: Bolingo, Mibeko, Misala, yaani Upendo, Amri na Kazi. Vijana kumi na mmoja wa parokia yetu walikwenda.

Mmoja wao alikuwa mtoto wa mama mjane, umri wake miaka kumi na tisa. Mvua ilinyesha usiku, na asubuhi waliambiwa waendelee kukata ukingo wa mlima mahali pale pale. Udongo ulilegea, jiwe likateremka, likamvunja mguu juu ya goti. Wenzake walimbeba kwa kipoyi. Mwenye kazi alitoa fedha kidogo siku ya kwanza. Kisha kambi ilihamishwa, watu wakabadilishwa, na kila tuliyemwuliza alisema yeye si yule aliyeandika watu kazini. Mguu uliunga vibaya. Leo kijana huyo anatengeneza baiskeli chini ya mwembe, na anatembea kwa fimbo.

Mama yake hakunitukana. Alikuja kwenye ibada kama kawaida, akafagia zamu yake, akatoa sadaka yake. Siku moja tu, tulipokuwa tunapanga viti, alisema kwa upole: "Papa Shemasi, ile siku ulisoma karatasi kwa sauti nzuri sana."

Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma kuliko matusi kumi. Ndiyo maana sikuwajibu upesi. Nilitaka kwanza nitafute jibu ambalo ningeweza kulisema mbele ya mama huyo.

NJIA ZETU TANGU ZAMANI

Nchi yetu ya Maniema ya kusini ni mtoto wa njia. Kabla ya Wabelgiji, njia ya misafara ilitoka pwani ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapanda milima, ikapita Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe kando ya Lualaba. Kwa njia hiyo Tippu Tip alifika na kuifanya Kasongo makao yake makubwa katika miaka ya 1870. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu, na walipita babu zetu wakiwa na minyororo shingoni. Livingstone alikuwa Nyangwe mwaka 1871, akaona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wanawake, mwezi wa saba wa mwaka ule. Mwaka 1893 askari wa Dhanis waliiteka Nyangwe na Kasongo, na mwanzoni mwa 1894 Kabambare. Bwana mmoja aliondoka, bwana mwingine akaingia, na wote wawili walipita njiani.

Lakini tazameni jambo la ajabu. Kiswahili hiki ninachoandika kilikuja kwa njia ile ile ya minyororo. Mpunga tunaokula Kasongo ulienea katika wakati wa watu wale wale. Majirani zetu Waislamu, ambao tunazikana nao na kusaidiana nao, ni wajukuu wa njia ile. Basi njia si malaika, wala si shetani. Mlango wa nyumba hupitisha mgeni na mwizi, na hakuna mtu anayejenga nyumba isiyo na mlango kwa sababu ya mwizi.

Hata hivyo nisikimbie swali. Mlango wa nyumba yangu nimeuweka mimi. Je, nani aliweka mlango huu wa mlimani, na kwa nguvu za nani?

BABU, BABA, NA SISI

Tuangalie jasho la vizazi vitatu.

Wakati wa babu zetu, Wabelgiji walitaka barabara za motokari, na walitaka pamba ya Maniema ifike kwenye reli na mto. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ilikuwa imejengwa kati ya mwaka 1906 na 1911, na vijiji vilitakiwa kuilisha. Watu waliotawanyika porini walilazimishwa kuhamia kando ya barabara, ili wahesabiwe, walipe kodi, walime pamba, na kila kijiji kitunze kipande chake cha njia. Sheria ya mwaka 1933 ilisema mtu aweza kudaiwa kazi za lazima mpaka siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita ya pili ya dunia siku hizo ziliongezwa mpaka 120. Kapita alisimama na orodha, na fimbo ilikuwa karibu. Babu yangu alikuwa akisema kwamba hakuchukia barabara. Alichukia kuhesabiwa kama jembe. Katika kazi ile amri ilikuwepo, kazi ilikuwepo, ila upendo haukuwepo.

Wakati wa baba zetu ilikuja Salongo. Rais Mobutu alisema kila raia atoe mkono kwa kazi za wote. Wazo lenyewe halikuwa baya. Hata sisi kanisani tunafanya kazi za pamoja. Lakini watu walipaliliana njia kwa nyimbo za kusifu wakubwa, na wakubwa wenyewe hawakushika jembe. Baba yangu alikuwa kantonye kwa miaka mingi. Alikuwa na kipande chake cha njia, akikijua kama mama anavyojua mgongo wa mtoto: hapa maji husimama, hapa mfereji huziba kwa majani. Mshahara ulichelewa, kisha ukawa hauji. Aliendelea kusafisha mfereji miezi mingi bila malipo, kwa sababu, alisema, maji hayangoji mshahara. Kisha alichoka. Msitu ulirudi. Katika kazi ile ya kantonye upendo ulikuwepo, upendo wa baba yangu kwa kipande chake, lakini wale waliopaswa kushika amri hawakuishika.

Na sisi? Sisi tunaitwa kwa karatasi. Hakuna fimbo. Kijana anakwenda kwa hiari, kwa sababu nyumbani hakuna sabuni na mdogo wake amefukuzwa shuleni. Je, hiari ya mtu mwenye njaa ni hiari kamili? Hapo ndipo mwenye kazi wa siku hizi anaponawa mikono kama Pilato, akisema: hatukumlazimisha. Ni kweli, hakumlazimisha. Lakini alijua kwamba hawezi kukataa, akampa kazi ya kukata mlima uliolowa.

MANENO YA MAMA MZEE

Kuna mama mzee mmoja, mzaliwa wa vijiji vya mlimani, aliyesikia kwamba barabara itafunguliwa tena. Hakushangilia. Aliniambia: "Mwanangu, acheni mlima ufungwe. Mwaka wa 64 vijana wa Simba walichimba mahandaki katika barabara ile ile ambayo baba zao waliilima, wakaangusha miti juu yake, ili motokari za askari zisipande. Katika vita vya 1996 na vya 1998 waliokaa kando ya barabara waliporwa kwanza. Sisi tulioko juu tulisikia tu moshi. Ubaya wa njia ndio uliotuokoa."

Sikuweza kumcheka. Mimi mwenyewe nilikuwa kijana wa shule wakati ule, nikaiacha barabara kubwa nikafuata vijia vya porini pamoja na wadogo zangu. Hata Biblia inalijua jambo hili. Katika Waamuzi sura ya 5 Debora anakumbuka siku ambazo barabara kuu ziliachwa tupu na wasafiri wakapita njia za kando kwa kuogopa. Nchi ambayo watu wake wanaikimbia barabara yao wenyewe ni nchi iliyo mgonjwa.

Basi mama mzee ana haki katika sehemu ya kwanza ya maneno yake. Lakini nilimwuliza: "Mama, katika miaka hiyo mliyofungwa juu, wanawake wangapi waliozaa kwa shida mliwateremsha kwa kipoyi?" Alinyamaza. Akahesabu kwa vidole. Alipofika kwenye mkono wa pili aliacha kuhesabu, akafuta macho kwa kitambaa cha kichwani. Mlima uliofungwa unazuia bunduki, lakini pia unazuia mkunga. Mtu aliyekufa kwa bunduki tunamhesabu na kumtangaza. Mama aliyekufa njiani juu ya kipoyi, usiku, katika mvua, hakuna anayemwandika.

MIJI YA MAKIMBILIO

Nilipotafuta katika Neno la Mungu nilipata mahali ambapo sikuwahi kupatazama vizuri. Someni Kumbukumbu la Torati sura ya 19, mwanzo wake. Mungu anawaagiza Waisraeli kutenga miji mitatu ya makimbilio, ili mtu aliyeua bila kukusudia asife kwa mkono wa mlipiza kisasi. Lakini haitoshi kutenga miji. Wanaagizwa pia waitengeneze njia ya kuifikia. Kwa nini? Kwa sababu mji wa rehema usiofikika hauna rehema. Mtu atakufa akiuona kwa mbali.

Hapa ndipo nilipopata kipimo changu. Barabara isipimwe kwanza kwa motokari ngapi zinapita, wala kwa tani ngapi za mchele au dhahabu zinazoteremka. Ipimwe kwa swali hili: Je, mtu aliye dhaifu kuliko wote mlimani anaweza kukimbilia uhai kwa njia hii? Mjamzito, mtoto mwenye homa, mtu anayewakimbia wenye silaha? Kama anaweza, barabara hiyo ni kazi ambayo Mungu mwenyewe aliiagiza, na Mkristo aishike kwa mikono miwili. Kama barabara inapitisha wenye nguvu tu, na mnyonge anasimamishwa kwenye barieri mpaka alipe, basi tumemjengea mwenye nguvu kwa jasho la mnyonge.

Na Bwana Yesu mwenyewe alipotaka kutufundisha jirani ni nani, alichagua barabara ya mlimani. Toka Yerusalemu kwenda Yeriko ni mteremko mkali, na wanyang'anyi walikuwa humo. Angalieni: Yesu hakusema barabara ile ifungwe. Hakumlaumu yule aliyepigwa kwa kuipita. Aliuliza swali moja: nani alikuwa jirani kwake? Barabara ile ile ilimpitisha mnyang'anyi, ikampitisha kuhani aliyekwepa, ikampitisha Msamaria. Tofauti haikuwa katika udongo wa njia. Ilikuwa katika moyo wa mpitaji.

Ndiyo maana ninawaambia ndugu zetu vijana wanaoweka kamba njiani kudai franka kwa kila mwenye baiskeli: ninyi mmechagua sehemu yenu katika mfano ule, na si sehemu ya Msamaria. Wengine husema, "Tunatengeneza shimo, tulipwe." Kama kweli umejaza shimo, omba kwa heshima, na aliye na kitu atakupa kwa moyo. Lakini kuna wanaochimba shimo usiku ili walijaze mchana. Huo ni wizi wenye jembe.

KINACHOBADILIKA KIJIJINI

Tusidanganyane kwamba barabara ikifunguliwa kijiji kinabaki kilivyo. Bei ya chumvi na sabuni hushuka. Hilo ni jema. Mchele, karanga na mawese hupata mnunuzi. Hilo ni jema pia. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini nimeona nyumba ambazo zilikuwa na ghala lililojaa na mfuko mtupu, na baada ya barabara zikawa na mfuko wenye kitu kidogo na ghala tupu. Mnunuzi anakuja na motokari wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Baba anauza gunia zote bila kumwuliza mama, ananunua redio na viatu. Baada ya miezi mitano familia inanunua mchele wake yenyewe kwa bei mara mbili. Barabara haikufanya dhambi hapo. Baba ndiye aliyekosa, kwa sababu mama aliyelima hakuulizwa.

Nimeona pia vijana wanaoteremka kwa barabara hiyo kufuata dhahabu ya Namoya na Salamabila, wakiacha madarasa na mashamba. Wengine wanarudi na kitu. Wengi wanarudi na lotoko kichwani na ugonjwa mwilini. Na mabinti wetu husimama karibu na kambi za wafanyakazi, kwa sababu ndipo fedha ya kila juma ilipo. Sisi wa Kanisa letu tumefundishwa kuacha pombe na kushika ndoa. Lakini kijana aliyelala miezi mitatu katika hema, mbali na mkewe, bila ibada wala mzee wa kumwonya, tumemwacha peke yake na amri. Amri bila ndugu wa karibu ni mzigo mzito.

Mfalme Sulemani alipotaka mierezi ya milima ya Lebanoni alikusanya watu 30,000. Lakini someni 1 Wafalme sura ya 5: aliwapeleka kwa zamu, 10,000 kila mwezi, na kila mtu alikaa mwezi mmoja mlimani na miezi miwili nyumbani kwake. Hata mfalme aliyewatoza watu kazi nzito alijua kwamba mfanyakazi ana nyumba. Na ule mzigo, hata kwa zamu, ulibaki mioyoni. Alipokuja Rehoboamu mwanawe akakataa kuupunguza, watu walimpiga kwa mawe Adoramu, msimamizi wa kazi za shokoa, na ufalme ukapasuka vipande viwili. Jasho lisilolipwa halikauki, ndugu zangu. Linasubiri.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Asia, Pakistani na China zilijenga barabara ya Karakoram, inayopanda mpaka mita 4,700 hivi juu ya bahari. Ilichukua karibu miaka ishirini mpaka mwisho wa miaka ya 1970, na wafanyakazi wapata elfu moja walikufa, Wapakistani 800 na zaidi, na Wachina kama 200, wengi kwa mawe yaliyoporomoka. Kuna makaburi na minara ya kuwakumbuka kando ya barabara hiyo. Katika nchi yetu wenyewe, reli ya Matadi mpaka Kinshasa ilijengwa katika milima ya Bas-Congo toka 1890 mpaka 1898. Hesabu ya wakubwa wenyewe ilitaja Wazungu 132 na watu weusi 1,800 waliokufa. Kila mwenye kupita mahali kama hapo anakaa juu ya mabega ya mtu asiyemjua. Kumshukuru ni jambo dogo la adabu. Kumwuguza aliye hai kati yao ni haki, na hilo ni zito zaidi.

MAWE YA NKAMBA

Je, kazi ngumu ya mlimani inaweza kuwa na upendo, amri na kazi kwa pamoja? Sisi tunajua kwamba inaweza. Baba zetu na mama zetu walibeba mawe vichwani kupanda kilima cha Nkamba, wakiimba, mpaka hekalu likasimama, likazinduliwa mwaka 1981. Hapakuwa na fimbo. Aliyechoka alipumzika. Aliyeugua aliombewa, akapewa maji na chakula. Mzee na mtoto walibeba kila mmoja jiwe la kadiri yake.

Tena tukumbuke jinsi imani hii ilivyoenea. Papa Simon Kimbangu alifungwa mwaka 1921, akakaa gerezani miaka 30, akafa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walifukuzwa makwao kwa maelfu, wengine wakapelekwa mpaka kambi ya Lowa, kando ya Lualaba, chini ya Kindu. Serikali iliwapeleka kwa njia zake ili neno life. Neno likatembea kwa njia zile zile. Wenye njia hawakuwa mabwana wa kile kilichopita juu yake.

Lakini ndugu, tusichukue mfano wa Nkamba tukaufanya kifuniko cha dhuluma. Kule mtu alijenga nyumba ya Mungu wake kwa sadaka. Mwenye kazi wa barabara amepewa fedha za kuwalipa watu. Asije akatuambia tuimbe na kujitolea, huku yeye anaweka mfukoni. Sadaka hutolewa na mwenyewe. Ikichukuliwa na mwingine jina lake ni wizi. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza mfanyakazi maskini alipwe siku ile ile, jua lisitue. Na Yakobo sura ya 5 anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana.

DENI LANGU

Sasa narudi kwa mama mjane na sauti yangu nzuri.

Katika Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8, imeagizwa kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba yake. Hakusudii mtu aanguke. Hakumsukuma. Lakini alijua watu watapanda, na hakuweka kizuizi. Hiyo inatosha kumfanya mdaiwa.

Mimi sikukata mlima, wala sikumwagiza kijana afanye kazi baada ya mvua. Lakini nilisoma karatasi juu ya madhabahu, na watu waliipokea kama neno la Kanisa. Sikuuliza lolote. Niliwapandisha watoto wa watu juu ya dari isiyo na ukuta. Mwenye kazi ana deni lake mbele za Mungu. Lake si langu la kulipa, na langu halifutwi na ukubwa wa lake. Nilikwenda kwa mama yule, nikavua viatu mlangoni, nikamwambia maneno haya haya. Baraza la parokia lilikubali tumsaidie kijana kwa vyombo vya kazi yake, na mimi natoa sehemu yangu kila mwezi. Mguu haukunyooka kwa hayo. Ninalijua hilo.

Mama aliniambia jambo moja, nami nawaachia mlifikiri. Mwaka uliofuata baada ya ajali, binti yake aliyeolewa kule juu alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Zamani ingekuwa siku mbili za kipoyi. Walimpandisha pikipiki alfajiri, wakateremka kwa barabara ile, na mchana alikuwa mikononi mwa daktari. Mama na mtoto wako hai. Mtoto huyo tumemwona mbele ya ibada. "Basi, Papa Shemasi," mama alisema, "mimi siwezi kuilaani barabara, na siwezi kuisifu. Imekula mguu wa mwanangu, imenipa mjukuu."

Sina neno la kuongeza juu ya hilo. Yeye amelipa, yeye ana haki ya kusema.

Ila jibu langu kwenu ni hili. Ndiyo, Mkristo afungue barabara ya mlimani, kwa sababu mnyonge anahitaji njia ya kukimbilia uhai. Lakini kuanzia sasa, hakuna karatasi ya kazi itakayosomwa na mimi kanisani kabla mwenye kazi hajajibu maswali matatu mbele ya wazee, kwa maandishi. La kwanza: mfanyakazi atalipwa siku gani, na nani? La pili: akiumia, nani atamtibu, na mpaka lini? La tatu: atarudi lini nyumbani kwake kulala na watu wake? Maswali hayo si magumu. Mwenye kazi mwaminifu atayajibu kwa dakika tano. Asiyeweza kuyajibu, apeleke karatasi yake mahali pengine.

Nawaomba wazee wa parokia nyingine za Kasongo na Kabambare wafanye hivyo hivyo. Vijana wakienda mlimani, mmoja wetu awafuate kila mwezi kuomba nao na kuwahesabu. Baba yeyote asiuze mavuno yote bila shauri la mama wa nyumba. Na wewe unayepita juu ya pikipiki au motokari, ukifika mahali mlima ulipokatwa, shusha kofia yako, umkumbuke mbele za Mungu yule aliyepakata kwa mikono yake.

Isaya aliona siku ambayo kila bonde litainuliwa na kila kilima kitashushwa kwa ajili ya njia ya Bwana. Mpaka siku hiyo, vilima vyetu vinashushwa kwa mikono ya vijana wetu. Tuitunze mikono hiyo.

Mungu wa Baba yetu Simon Kimbangu awabariki nyote. Amina.

Ndugu yenu katika kazi ya Bwana,
Shemasi, Kasongo